Makubadhi Yangu Nyuma ya Kamba

Mimi nimezaliwa Pujini, kisiwani Pemba, na nimezeekea Pujini, na kwetu kuna magofu. Wageni huja na kofia zao pana na chupa za maji, wakashuka garini, wakasimama mbele ya ukuta uliobomoka na kuutazama kana kwamba uko karibu kusema neno. Ukuta hausemi. Anayesema ni mtembeza watalii, na mengine anayoyasema sisi wenyewe tunayasikia kwake kwa mara ya kwanza. Huwaambia kwamba hapa aliishi mtawala katili, aliyewabebesha watu mawe huku wakisota kwa makalio. Mgeni husikitika sana. Halafu hupiga picha, akapanda gari, akarudi mjini Chake kula pweza. Sisi tunaolima mihogo jirani na ukuta ule hutazamana tukacheka. Mbuzi wangu hufungwa pale pale kila siku, na sijamwona hata mara moja akiinua kichwa kustaajabu.

Sikujua kwamba iko siku na mimi nitavishwa kofia.

Aliyenivisha ni mjukuu wangu. Huyu nimemlea mwenyewe. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto bado ananyonya, na baba yake akaenda Maskati kutafuta maisha. Akayapata, akabaki nayo huko huko. Mtoto nikamkuza kwa maziwa ya ng'ombe na ukali. Akasoma, akafaulu, akapelekwa Kuba kusomea udaktari. Siku ya kuondoka nilimpa sharti moja tu.

"Nenda kasome, lakini rudi," nilimwambia. "Mie nataka weye ndiye uniteremshe kaburini."

Kwetu maiti ya mwanamke hupokelewa kaburini na maharimu wake, wanaume wa damu yake. Wa kwangu wengine wameshatangulia, na waliobaki wako Maskati wanauza magodoro. Akaniambia, "Inshallah, Bibi." Alipokuwa mdogo inshallah yake ilikuwa na maana ya ndiyo. Ukubwani sikuwa na uhakika.

Masomo yakaisha, yakaanza mengine juu ya yale. Mara nikapigiwa ile simu ya picha.

"Bibi, nimepata mchumba."

"Wa wapi?"

"Wa huku huku." Akaigeuza simu nikaona meno mengi na macho makubwa mawili.

"Muislamu?"

"Keshasilimu, Bibi."

"Alhamdulillahi. Na mtaishi wapi?"

Hapo simu ikakatika. Simu za siku hizi zina akili sana. Hukatika pale pale unapouliza la maana. Ilipopatikana tena niliuliza lile lile, akanijibu, "Tutaona, Bibi." Mtu akikwambia tutaona, yeye keshaona zamani.

Nikaona neno hili halijibiwi kwa simu. Nikamwambia baba yake anikatie tiketi, akakata bila kubisha, maana mbele yangu hana la kusema. Nilikwenda na jibu langu tayari, nalo ni hapana. Sikuwa na ubaya na yule binti, simjui. Nilimtaka mjukuu wangu arudi, basi. Jibu lile nililibeba kama mwanamke anavyobeba fedha, nimelifunga kwenye pindo la kanga na kukaza fundo. Nilibeba pia halua ya Wete, na udi, na karafuu. Huendi nyumbani kwa watu mikono mitupu, hata kama unakwenda kuwakatalia.

Safari siielezi. Nilikalishwa kwenye viti mpaka mwili ukasahau kazi nyingine.

Mji wenyewe ni mkongwe, waliujenga Wahispania walipokuwa wakiitawala Kuba, enzi za mashamba ya sukari. Jina lake nimeambiwa mara nyingi na kila mara linanitoka. Asubuhi ya kwanza nimekaa kitandani najiandaa kusema, mjukuu wangu akaingia na kofia ya majani mkononi.

"Vaa, Bibi. Leo tunakutembeza mji."

"Mie sikuja kutembea. Nina neno."

"Neno lipo, Bibi. Asubuhi yenye baridi kama hii ndiyo haipo kila siku."

Akaniweka kofia juu ya mtandio.

Nje walikuwa wanatungoja wawili. Mmoja ni yule binti wa kwenye simu, gauni refu, mtandio umemkaa upande. Kazi yake ndiyo hiyo hiyo, kutembeza watalii. Wa pili ni bibi yake, aliyemlea kama nilivyolea mimi. Mama mrefu, mweusi, mgongo umenyooka, kashika mwavuli na mbinguni hakuna wingu. Nikaambiwa alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka alipostaafu. Uso wake haukukanusha. Alinitazama kuanzia kofia mpaka makubadhi kama anayesahihisha daftari.

"Mwambie mke mwenzangu avute mtandio mbele," nikamwambia mjukuu wangu. Kwetu bibi humwita mjukuu wake mume, na mke wa mjukuu ndiye mke mwenza. Ni utani wa kila nyumba.

Akautazama mwavuli wa yule mwalimu. "Hilo silifasiri, Bibi."

Hata aliyoyafasiri siku ile yalikuwa ya mashaka. Mimi naongea mpaka pumzi inakata, yeye anatoa vijineno vitatu. Yule mwalimu anatoa hutuba nzima ya Ijumaa, mjukuu wangu ananigeukia na tabasamu: "Anasema karibu sana."

Tukaanza kutembezwa. Barabara yao ni ya mawe ya mviringo, yamekaa ovyo, mguu huu uko juu na huu uko chini. Kwetu barabara ya namna ile watu wangemwita mwakilishi wa jimbo wakamtolea maneno mpaka akakosa pa kukaa. Kule ndiyo fahari ya mji. Hairuhusiwi kung'oa hata jiwe moja, na watu wanapanda ndege kuja kujikwaa. Nyumba zimepakwa manjano, buluu na waridi, madirisha yana vyuma kuanzia juu mpaka chini, na kila mlangoni kuna mtu kakaa anajipepea kwa kipande cha boksi kwa sababu umeme umekatika. Hapo kidogo nilijisikia nyumbani.

Kwa kuwa kila mlango una mtu, kila mlango nilisimama. Huwezi kumpita mtu kizingitini kwake kama unapita kisiki. Ninatoa salamu, nauliza hali ya nyumba na ya watoto, na wao wananijibu kwa lugha yao, tunaelewana vizuri tu. Mjukuu wangu akaanza kutoka jasho.

"Bibi, kwa mwendo huu hatutafika."

"Kwani tunakwenda wapi?"

Akajifuta jasho. Nikaujua utalii ni nini: watu wazima na akili zao wanakimbilia mahali ambapo hakuna anayewangoja.

Kwenye uwanja mkubwa, mbele ya kanisa, nikaona panafaa. Pana mabenchi, pana kivuli. Nikakaa, nikashika pindo la kanga.

"Mume wangu, lile neno langu..."

"Bibi, tazama kanisa!"

"Nimeliona. Ni kubwa. Sasa..."

"Na hizi sanamu za mbwa, Bibi, ni za chuma tupu!"

Mbwa wa chuma. Nimetoka kote kule Pemba kuja kuonyeshwa mbwa. Nilipogeuka nikamkuta mama mmoja wa Kizungu kanilenga na simu yake. Kaniona na buibui na kofia ya majani juu yake, kadhani nimewekwa pale na mji pamoja na mbwa. Nikamkazia macho. Akafurahi, akapiga nyingine.

Nikajaribu tena chini ya mnara wa kengele. Mnara huo ulikuwa wa tajiri wa miwa. Safari hii binti ndiye aliyeniwahi, akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, nami sikujua kuwa anacho.

"Tajiri anasimama juu pale, Bibi. Anaona watumwa wote wanakata muwa. Kengele ikilia, wanaamka. Kengele ikilia, wanalala."

"Na nyumba za hao wakata miwa ziko wapi, tukazione?"

Mjukuu wangu tayari kafungua mdomo kuniokotea jibu zuri, lakini binti akamtangulia.

"Hakuna, Bibi. Zilikuwa za majani. Zimeoza."

"Haya," nikasema. Kwetu ni hivyo hivyo. Mwenye mashamba ya mikarafuu kaacha nyumba ya mawe, na aliyekatikiwa na tawi juu ya mkarafuu kaacha mayatima. Watu huja kutembelea nyumba. Nilipenda kwamba hakunipambia. Lakini kupenda jibu na kubadili jibu ni mambo mawili, kwa hiyo nikashika tena pindo. Mjukuu wangu akasema chakula kinapoa.

Tukala kwenye nyumba ya mtu aliyeifanya mkahawa. Wali, maharage meusi, ndizi za kukaanga, na muhogo uliomwagiwa ndimu na kitunguu saumu. Nimepanda ndege juu ya ndege kuja kula muhogo, tena usio na nazi. Nilikula, siwezi kusema ulikuwa mbaya. Yule mwalimu akanitazama ninavyokula kwa mkono, akaweka uma chini, akamwambia mjukuu wangu hutuba nyingine.

"Anasema ule ushibe," mjukuu wangu akanifasiria. Binti akainamia sahani yake. Niliona.

Adhuhuri niliswali pembeni pale, msafiri ana ruhusa zake, na nilipotoa salamu nikasema, "Sasa." Mjukuu wangu akasema, "Bibi, ile nyumba ya makumbusho inafungwa mapema!"

Nyumba yenyewe ilikuwa ya tajiri mwingine wa sukari. Mlango wake ungepitisha ng'ombe wawili kwa pamoja, na umeachwa wazi. Mjukuu wangu, binti na yule mwalimu wakapita ndani kwenda kwenye meza ya tiketi. Mimi nikasimama kizingitini.

"Hodi!"

Watu ndani wanapita na kamera zao.

"Hodi jamani!"

Mzungu mmoja akageuka, akatabasamu, akaendelea na safari yake.

"Hodi!"

Dini imetufundisha: ukibisha mara tatu usipojibiwa, rudi. Nikageuka kurudi. Na nilikuwa nimefurahi, maana sasa ningekaa kwenye kivuli cha ukuta na mjukuu wangu angelazimika kuja kunisikiliza. Nikasikia mbio nyuma yangu.

"Karibu, Bibi! Karibu ndani!" Ni yule binti, katokea ndani ya nyumba ya tajiri aliyekufa, ananikaribisha kana kwamba ni yake.

Nimekaribishwa, nitafanya nini. Nikavua makubadhi yangu nikayapanga pembeni ya kizingiti, nikaingia. Sakafu ilikuwa marumaru, baridi, inang'aa. Na juu ya marumaru ile watu wote wamo na viatu vyao! Mji wenyewe una mikokoteni ya farasi kila kona. Wameyakanyaga ya farasi barabarani, wamekuja kuyafutia chumbani kwa watu. Mwenye nyumba kafa, basi hata adabu yake imezikwa naye.

Ndani kila chumba kina kamba nyekundu nene, na kila kamba ina mama mtu mzima kakaa kwenye kiti anailinda. Nyuma ya kamba kuna vitu. Viti vya kukalia. Sahani za kulia. Kitanda chenye chandarua, na chini yake chungu cha kukojolea usiku, cha udongo mweupe kimechorwa maua. Watu wamejazana wanakipiga picha. Nikafikiria watakavyofika kwao wakawaonyesha jamaa, haya, tazameni, tulikwenda mbali sana tukaona hiki.

Tulipofika ukumbi wa mwisho, wenye kioo kirefu na picha ya tajiri kavimba mashavu, nikasimama katikati.

"Mume wangu, sitoki humu sijasema."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Majengo yalikuwa yamemwishia.

Kabla sijasema, yule mwalimu akasema yeye. Alisema kwa muda mrefu, kidole hewani, mara ananionyesha mimi, mara anamwonyesha binti. Alipomaliza, mjukuu wangu akanigeukia.

"Anasema... nyumba hii ni nzuri, Bibi."

"Hapana," binti akasema.

Sote tukamtazama.

"Hapana, Bibi. Bibi yangu hajasema nyumba. Kasema yeye hataki. Hataki mimi kuolewa kwenda kisiwa. Kasema kisiwa chenyewe kakitafuta kwenye ramani, ni kidogo kama nzi katua. Kasema mimi nitakaa huko nani atamfumba yeye macho. Tangu asubuhi anasema hivi. Daktari anafasiri nyumba."

Mimi nilikuwa nimeruka bahari zote zile kusema neno lile lile. Ilibidi nishukuru, niseme haya, mmesema nyinyi, mmenipunguzia kazi. Badala yake damu ikanipanda.

"Hataki? Hamtaki mjukuu wangu? Mjukuu wangu ana kasoro gani? Daktari! Hanywi, havuti, anaswali! Watoto wa watu kule Chake wanamlilia!"

"Nifasiri?" binti akauliza.

"Fasiri! Usipunguze!"

Akafasiri, na kwa urefu wa maneno nilijua hakupunguza. Yule mwalimu akavimba kama yule wa kwenye picha. Akajibu. Binti akanigeuzia: "Anauliza, kama daktari hana kasoro, kwa nini weye umekuja na uso wa kukataa? Na mjukuu wake yeye ana kasoro gani?"

"Sikusema ana kasoro! Nimesema namtaka wangu arudi!"

"Na yeye anasema namtaka wangu abaki."

Tukajibizana. Ikafika mahali binti hakupata nafasi ya kufasiri, kila mmoja anapiga kelele kwa lugha yake na mwenzake anaelewa. Mama wa kamba akaja akaweka kidole mdomoni. Mjukuu wangu kajibanza karibu na kioo, kwa hiyo nikawaona wajukuu wawili, wote hawana faida.

"Tunaondoka," nikasema. Nikatoka mpaka mlangoni na kichwa juu. Na mlangoni makubadhi yangu hayapo.

Nikatazama kulia kwa kizingiti, kushoto, nyuma ya mlango. Hakuna. Huwezi kuondoka kwa hasira huna viatu. Hasira inataka miguu. Nikarudi ndani pekupeku, wenzangu nyuma yangu, ukumbi mmoja baada ya mwingine, mpaka chumba cha kulala.

Watu walikuwa wameongezeka pale. Mtembeza watalii mmoja, si huyu wetu, anaeleza kwa mkono. Nikachungulia. Nyuma ya kamba nyekundu, pembeni ya kitanda cha tajiri, kwenye zulia, makubadhi yangu yamepangwa vizuri kabisa, vidole mbele, kama mtu kaamka sasa hivi kaenda kutawadha.

"Yule anawaambia nini?" nikamuuliza binti.

Akasikiliza. "Anawaambia ni viatu vya mama yake tajiri."

"Mama wa tajiri! Vile nimevinunua Chake, kabla ya Iddi!"

Mambo yakaeleweka polepole. Mama wa kamba wa chumba kile alipita mlangoni, akaona viatu vya ngozi vya kizamani vimekaa peke yao kizingitini. Hajawahi kuona mtu mwenye akili zake akivua viatu mlangoni mwa makumbusho, basi akajua mfagizi kaburura kitu cha nyumba. Akavirudisha. Sasa vimo nyuma ya kamba, na sheria inasema kilicho nyuma ya kamba hakitoki bila ruhusa ya mkuu, na mkuu kaenda kula.

Mjukuu wangu akamsihi. Akatikisa kichwa. Binti akasema naye. Akatikisa kichwa zaidi. Nikainua buibui nikaonyesha miguu yangu mitupu mbele ya umma. Watu wakapiga picha.

Ndipo yule mwalimu aliponipa mwavuli wake nishike. Akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akainua mguu wa kwanza juu ya kamba, akainua wa pili. Mama wa kamba akapiga ukelele. Mwalimu hakugeuka. Alifika kitandani, na kwa kuwa kuruka kamba kumemchosha, akakaa juu ya kitanda cha tajiri apumue. Hapo ndipo alipomtazama mama wa kamba usoni, akamtaja jina, na kumuuliza kitu kimoja kwa sauti ndogo.

Yule mama, mtu mzima na mvi zake, akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni.

"Alimfundisha," binti akaninong'oneza. "Anamuuliza kama mpaka leo anaandika majibu kabla hajasoma swali."

Mwalimu akaja na makubadhi yangu, akayaweka miguuni pangu mwenyewe, akayageuza yaelekee mlangoni. Kisha akachukua mwavuli wake. Hakutabasamu. Na mimi sikutabasamu. Dakika chache tu nyuma tulikuwa tunatukaniana wajukuu.

Nje tulikaa kwenye ngazi. Mjukuu wangu akasogea kufasiri.

"Weye kanunue maji," nikamwambia.

"Bibi, nilitaka tu..."

"Maji."

Akaenda. Nikamweka binti katikati yetu, nikamuuliza kwanza yeye. "Utakaa Pujini?"

Mwingine angesema inshallah. Yeye alisema, "Sijui, Bibi. Sijaiona. Nikiiona nitakwambia."

"Na mwenzio, kakwambia mtaishi wapi?"

"Kasema tutaona."

Nikamwona bibi yake anatikisa kichwa, maana naye kaambiwa hivyo hivyo. Hapo nikajua kwamba ndani ya nyumba yangu kutakuwa na mtu mmoja wa kuniambia kweli, na mtu huyo si yule niliyemlea. Fundo la kanga nikaliacha lilivyo. Sikulifungua. Nikafungua mkoba, nikatoa halua.

"Mwambie bibi yako," nikasema, "nikaha itasomwa Pujini, na yeye aje. Akatalie pale, akiwa kapaona. Kukataa kwa ramani si kukataa."

Binti akafasiri. Mwalimu akaimega halua, akaitafuna kwa muda mrefu. Akasema neno moja tu, na sikuhitaji kufasiriwa: alikuwa anaomba kipande kingine.

Walikuja. Mwalimu alikatiwa tiketi na mwanawe aliye Uhispania. Nikaha ikasomwa, watu wa Pujini, wa Mgogoni, mpaka wa Kiuyu wakaja kumwona bibi harusi wa Kuba, wakasema mweusi kama sisi, sasa tumekuja kutazama nini, wakala pilau wakaridhika. Mjukuu wangu kapata kazi hospitali ya Chake. Na binti, alipokwisha kuona kisima, na choo, na barabara, na umeme unavyokatika, alinijia jikoni akasema, "Bibi, nimeiona. Nitakaa." Nikamwambia apepete mchele. Nililia baadaye, peke yangu, na mbuzi.

Bibi yake hakukubali jibu lile. Kila siku alimshika binti mkono akimwomba warudi wote Kuba. Siku ya mwisho kabla ya safari yake nilimvisha kofia, nikampeleka kwenye magofu yetu, binti akiwa kati yetu.

Aliutazama ukuta. "Anauliza paa liko wapi," binti akasema.

"Mwambie halipo! Mwambie ni ukuta wa kale sana, watu wanatoka Ulaya kuja kuuona! Na asiegemee, mbuzi hufungwa hapo."

Mimi ndiye niliyesema maneno hayo. Nikampeleka na kwenye kisima cha kale, ambacho wazee walituambia kilitumiwa na wake wawili wa mtawala yule, kimetiwa ukuta katikati ili wasionane, mmoja akiteka huku na mwenzake kule. Mwalimu akachungulia. Halafu akakunja mwavuli, akavuta pumzi, akamshika binti kiganja. Nililijua neno linalokuja, maana nililibeba mimi kabla yake. Na niliona macho ya binti yameanza kujaa.

"Mwambie atazame kisima!" nikasema.

Binti akanitazama mimi, akamtazama bibi yake, akafasiri. Mwalimu akajibu kwa ukali.

"Anasema kisima keshakiona."

"Kakiona upande mmoja," nikasema, na tayari nimeshamshika mkono. "Mwambie kina wa pili."